Shajara ya mradi: makadirio ya watu na kaya kwa mikoa ya Tanzania, 2022 hadi 2042

Februari, mwanzoni

Upeo wa kazi umekubaliwa. Tunakadiria idadi ya watu kwa umri na jinsi katika mikoa yote 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, tukianzia Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 na kusonga mbele kwa hatua za miaka mitano mitano hadi 2042. Juu ya watu tunakadiria kaya. Makadirio rasmi ya nchi hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, na hayo ndiyo yenye nguvu kwenye mipango ya Serikali. Sisi tunatumia majedwali yaliyokwisha kuchapishwa, kwenye faili la Excel ambalo yeyote anaweza kulifungua, na kila dhana imeandikwa kando ya namba inayotokana nayo. Nia ni kwamba afisa mipango wa mkoa aione njia nzima iliyopitwa, na akiona dhana haiendani na mkoa wake aibadilishe.

Kilichotusukuma ni mazungumzo na afisa mipango wa halmashauri moja tulipomwonyesha jedwali la mfano. Alilitazama kwa adabu, kisha akasema: "Kaka, idadi ya watu ninayo. Mamlaka ya maji haiunganishi bomba kwa mtu, inaunganisha kwa kaya. Hiyo ndiyo namba ninayoulizwa kila bajeti." Tangu siku hiyo kaya si kiambatisho cha mradi huu. Ni nusu yake.

Februari, katikati: mipaka

Kabla ya hesabu yoyote kuna kazi ya mipaka, na hairukwi. Ukichukua majedwali ya sensa mbili za mwisho bila kuyagusa, Mbeya ilikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012 na 2,343,754 mwaka 2022. Mkoa mzima unaonekana kupoteza watu zaidi ya 360,000 kwa miaka kumi. Hakuna aliyepotea. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Ukiirudisha sensa ya 2012 kwenye mipaka ya leo, Mbeya inabaki na watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Hapo ukuaji unasomeka vizuri: Mbeya asilimia 3.2 kwa mwaka, na Songwe, iliyofikia watu 1,344,687, asilimia 3.0.

Kurudi hadi 2002 ni kugumu zaidi. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zote zilianzishwa mwaka 2012. Katavi imetoka Rukwa, Njombe imetoka Iringa, Simiyu imetoka Shinyanga kwa sehemu kubwa, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza, na hizo zinapangika. Geita ndiyo inayoumiza kichwa zaidi, kwa kuwa ilikusanya vipande vya mikoa kadhaa, hivyo inabidi ushuke mpaka wilaya na kata na kuzijumlisha upya. Tumeamua kipindi cha 2002 hadi 2012 tukitumie kama kioo cha kukagua tu. Mwenendo wenyewe tunauchukua kutoka 2012 hadi 2022, ambako mipaka tunaiamini.

Sensa hizi mbili zina bahati moja: ile ya 2012 ilifanyika usiku wa kuamkia 26 Agosti na ile ya 2022 usiku wa kuamkia 23 Agosti. Ni miaka kumi kamili, pungufu ya siku chache, kwa hiyo hesabu ya ukuaji haihitaji marekebisho ya tarehe. Mbele ya safari mambo si hivyo. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai. Kuivuta sensa ya 2022 nyuma kutoka Agosti hadi 1 Julai kunaondoa takriban watu 285,000 nchi nzima kwa kasi ya ukuaji iliyokuwapo. Ndiyo maana kila safu ya faili letu ina tarehe juu yake, na si mwaka peke yake.

Februari, mwishoni: safu ya umri

Tumepitia safu za umri mkoa kwa mkoa. Ukichora watu kwa umri wa mwaka mmoja mmoja, 30 inachomoza juu ya 29 na 31, 40 inachomoza zaidi, na 45 na 50 vilevile. Mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, au anayejibu karani wa sensa kwa niaba ya shangazi aliyetoka, hutaja umri wa mviringo. Kipimo cha Whipple hutumika hapa. Kinawatazama watu wa miaka 23 hadi 62: 100 maana yake hakuna anayevutiwa na 0 wala 5, na 500 maana yake kila mmoja ametaja umri unaoishia kwa tarakimu hizo. Kuwakusanya watu katika makundi ya miaka mitano kunafuta sehemu kubwa ya tatizo. Kwa matumizi ya shule, ambako unahitaji umri wa mwaka mmoja mmoja, tunayavunja makundi upya kwa vizidishi vya Sprague, fomula inayoligawa kundi la miaka mitano kuwa mwaka mmoja mmoja, na kulainisha kingo.

Watoto wa chini ya miaka miwili tumewaangalia kwa jicho la pekee, maana ndio wanaosahaulika mara nyingi sensa inapofika mlangoni, duniani kote. Tumewalinganisha na idadi ya kina mama wa umri wa kuzaa na viwango vya uzazi.

Machi: uzazi na vifo

Mbinu yenyewe ni ya marika. Unachukua kundi la umri, unalipunguzia wanaotarajiwa kufariki, unawaongeza waliohamia na kuwatoa waliohama, kisha unalipandisha ngazi. Wenye miaka 0 hadi 4 mwaka 2022 wanakuwa wa miaka 5 hadi 9 mwaka 2027. Chini kabisa unaingiza waliozaliwa, wanaotokana na wanawake wa miaka 15 hadi 49.

Uzazi tunauchukua kutoka tafiti za demografia na afya, TDHS. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 5.7 katika utafiti wa 2004/05, ukawa 5.4 mwaka 2010, 5.2 mwaka 2015/16, na 4.8 mwaka 2022. Ni mteremko wa taratibu lakini haukugeuka katika tafiti hizi nne. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kwa kasi kubwa zaidi: kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2004/05 hadi 43 mwaka 2022. Namba hii ya pili inastahili kusomwa taratibu. Nyuma yake kuna watoto waliobaki hai, na ndio hao wanaojaa madarasani leo.

Hapa kuna fumbo ambalo kila anayekadiria idadi ya watu wa Tanzania lazima alitolee msimamo. Kati ya 2002 na 2012 nchi ilikua kwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikakua kwa asilimia 3.2, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Uzazi umeshuka na ukuaji umepanda. Kupungua kwa vifo kunaeleza sehemu. Wingi wa vijana walioingia umri wa kuzaa unaeleza sehemu nyingine. Lakini sioni namna vitu hivyo viwili vinavyoweza kuubeba mruko wote, na Umoja wa Mataifa nao unaweka ukuaji wa nchi karibu na asilimia 3. Kwa maoni yangu sensa hizi mbili hazikuwafikia watu kwa kiwango kilekile. Ya 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi, na ni rahisi kuamini kwamba iliwapata watu ambao ile ya 2012 iliwakosa. Hivyo asilimia 3.2 hatuibebi mbele kama sheria. Tunaanzia na watu waliohesabiwa 2022, tunawapitisha kwenye uzazi na vifo vilivyopimwa, na ukuaji unajitokeza wenyewe.

Aprili: uhamaji, na jirani wawili

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama makadirio ya mkoa yana thamani. Nchi nzima ikikadiriwa, uhamaji ni jambo dogo. Mkoa ukikadiriwa, uhamaji unaweza kuwa jambo lote.

Tazama namba hizi mbili. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, ukuaji wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Pwani ilikuwa na 1,098,668 ikafikia 2,024,947, asilimia 6.1. Akizisoma mtu aliyezoea kuambiwa kwamba Dar inafurika, atadhani sensa imechanganyikiwa: jiji linakua polepole kuliko nchi, na mkoa wa mashamba ya minazi na mikorosho unakaribia kuongezeka maradufu.

Zijumlishe. Mwaka 2012 mikoa hii miwili ilikuwa na watu 5,463,209. Mwaka 2022 ikawa na 7,408,675. Ukuaji wa pamoja ni asilimia 3.0 kwa mwaka, karibu sawa na nchi. Jiji halijapunguza mwendo, limevuka mpaka wa mkoa. Watu wananunua viwanja Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, wanajenga, wanahamia, na asubuhi wanarudi Dar kutafuta riziki. Sensa inawahesabu walikolala.

Sasa angalia kinachotokea ukiendeleza kila mkoa kwa kasi yake. Hadi 2042 Dar inafika milioni 8.2 na Pwani milioni 6.9, jumla milioni 15.1. Ukiwaendeleza kama eneo moja kwa kasi ya pamoja, unapata milioni 13.6. Tofauti, kabla ya kukadiria desimali, ni zaidi ya watu milioni 1.4, na wote wamezaliwa na fomula. Hakuna mama aliyewazaa wala wilaya walikotoka. Ukijenga mabomba, shule na vituo vya afya kwa ajili yao, fedha imekwenda mahali ambapo hakuna mtu, na kwingine kumekosa.

Tatizo hili haliko Pwani peke yake. Kila unapoiacha mikoa ikue kwa kasi zake za zamani, jumla yake inaizidi nchi, kwa sababu mikoa yenye kasi inazidi kujipa uzito mwaka hadi mwaka. Katavi, iliyotoka 564,604 hadi 1,152,958, ingefika milioni 4.8 mwaka 2042, mara mbili ya Kilimanjaro, mkoa ambao mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,861,934 na ulikua kwa asilimia 1.3 tu. Wakulima na wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walifuata ardhi Katavi, ni kweli, lakini ardhi ina mwisho.

Utaratibu tulioukubali ni huu. Kwanza, kwa kila mkoa tunawachukua watu wa 2012 kwa umri, tunawapunguzia vifo vya miaka kumi, na tunawalinganisha na waliohesabiwa 2022. Waliokuwa na miaka 10 hadi 14 wanalinganishwa na wenye 20 hadi 24. Ziada au pengo linalobaki tunalisoma kama waliohamia ukitoa waliohama. Pili, tunairekebisha mikoa yote kwa pamoja ili uhamaji wa ndani ujumlishwe na kuwa sifuri. Anayeingia Pwani lazima awe ametoka mahali. Tatu, viwango hivyo tunavishikilia kwa miaka mitano ya kwanza kisha tunavipunguza hatua kwa hatua, na mwishoni jumla ya mikoa inarekebishwa ilingane na jumla ya nchi.

Dar na Pwani tunazikadiria kwanza kama eneo moja, ndipo tunagawa. Mwenzetu anayeshughulikia uhamaji alikuwa anapinga, akihofia kwamba tutaifuta Pwani kama mkoa wenye mahitaji yake. Hoja yake ina nguvu kwa Rufiji na Mafia, ambako maisha hayaongozwi na jiji. Kwa hiyo mgawanyo unafanyika kwa wilaya, na wilaya hizo mbili ziko nje ya eneo la pamoja.

Aprili, mwishoni: mikoa inayohitaji mkono wa pekee

Dodoma ilikua kwa asilimia 3.9, kutoka 2,083,588 hadi 3,085,625. Sehemu ya ukuaji huo ni Serikali kuhamia makao makuu kuanzia 2016. Wizara huhamia mara moja. Watumishi waliokwishafika hawatahamia tena, ingawa biashara na ndugu wanaowafuata wataendelea kuja. Kuendeleza kasi ile kwa miaka ishirini ni kuihamisha Serikali kila mwaka. Tumeutenga uhamaji wa umri wa kazi kwa kipindi kile na kuushusha haraka kuliko mikoa mingine.

Wakati wa sensa ya 2022 Kigoma ilikuwa na kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta. Watu wa kambi hawaongezeki kwa uzazi na vifo pekee. Makubaliano ya kurejea nyumbani yanaweza kuwapunguza ndani ya msimu mmoja. Tunawaweka kando, bila kuwakadiria kwa kanuni ya mkoa, na wanarudishwa kwenye jumla mwishoni. Vilevile vyuo vikuu na magereza. Wanafunzi wa chuo wana umri wa miaka 19 hadi 24 mwaka huu na watakuwa na umri uleule miaka ishirini ijayo, kwa kuwa hawatakuwa watu walewale. Ukiwaacha kwenye marika, mji wa chuo utaonekana una watu wa makamo wengi ambao hawapo.

Mei: kaya

Wastani wa ukubwa wa kaya Tanzania ulikuwa takriban watu 4.7 mwaka 2012, na 4.3 mwaka 2022. Punguzo hilo linaonekana dogo. Gawanya watu kwa kaya uone: kaya zimetoka kama milioni 9.6 hadi zaidi ya milioni 14. Watu wameongezeka kwa asilimia 37, kaya kwa asilimia 50. Anayepanga umeme, viwanja na maji kwa kasi ya ongezeko la watu ameshabaki nyuma kabla ya kuanza.

Chukua mkoa wa watu 2,000,000. Kaya zikiwa na watu 4.3, una kaya 465,000. Zikishuka hadi 4.0, una kaya 500,000. Zikifika 3.8, ni 526,000. Hakuna mtoto aliyeongezeka wala mhamiaji aliyeingia, lakini kuna milango 61,000 zaidi ya kufikishiwa huduma. Si kila huduma inafuata kaya, na hili linafaa kuandikwa wazi kwenye kila mpango. Kigezo cha Sera ya Maji ya 2002 cha watu 250 kwa kituo kimoja cha kuchotea, ndani ya mita 400, kilifuata vichwa: kwa kigezo hicho mkoa huo ulihitaji vituo 8,000 iwe kaya ni kubwa au ndogo. Siku unapoanza kuwaunganishia watu maji majumbani, hesabu inahamia kwenye kaya. Mkoa unaotoka kwenye vituo vya pamoja kwenda kwenye bomba la nyumbani unabadili kigezo katikati ya mpango, na bajeti nyingi hazioneshi mahali ulipobadilika.

Hatukutumia wastani wa ukubwa wa kaya kukadiria, kwa sababu wastani huo ni matokeo. Tumetumia viwango vya ukuu wa kaya: katika kila kundi la umri na jinsi, ni sehemu gani ya watu ndio wakuu wa kaya. Wanaume wa miaka 20 hadi 24 ni wachache, wa miaka 35 kuendelea ni wengi. Wanawake wanaanza taratibu na kupanda umri unavyokwenda, hasa kwa ujane na kwa wanaoendesha nyumba zao wenyewe. Ukiwa na marika tayari, kaya zinatoka kwa kuzidisha. Faida yake ni kwamba mkoa wenye vijana wengi wanaokaribia miaka 30 unaonesha wimbi la kaya mapema, hata kama ukuaji wa watu umepoa.

Mikoa inatofautiana sana. Kaya za Kanda ya Ziwa, Simiyu hasa, ni kubwa. Za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara ni ndogo. Lakini udogo huo hauna sababu moja. Dar ni vijana wanaopanga chumba. Kusini uzazi ni mdogo kuliko Ziwa, na nyumba zinazoongozwa na wanawake ni za kawaida tangu zamani. Kuipeleka Simiyu kwenye njia ya Dar kwa kuwa zote "zitakua kimiji" ni kuchanganya mambo mawili. Tumeacha kila mkoa uanze na viwango vyake, na tumeruhusu mabadiliko ya wastani tu, kwa vijana.

Sensa ya majengo ya 2022 ilihesabu majengo milioni 14.3 nchi nzima, namba inayokaribiana na ya kaya. Isichukuliwe kama jibu la swali la makazi. Humo mna maduka, madarasa na misikiti, mna nyumba moja yenye wapangaji sita, na mna boma moja la familia lenye majengo manne.

Juni: jedwali la shule

Idara za elimu ndizo zilizoomba kuona matokeo kwanza, na swali lao ni la Januari 2028. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne wanamaliza la saba mwaka huohuo. Vikundi viwili vinagonga mlango wa kidato cha kwanza siku moja. Watoto wote hawa walihesabiwa mwaka 2022, wengi wakiwa na miaka kati ya 6 na 9. Hapa hakuna dhana ya uzazi inayohitajika na vifo katika umri huo ni vichache sana. Kinachobaki ni uhamaji, na ndiyo maana makadirio ya Pwani na Geita ya mwaka huo yana upana mkubwa kuliko ya Kilimanjaro.

Tumewapa namba tatu, ya chini, ya kati na ya juu. Mmoja wa maafisa aliomba moja tu, kwa sababu fomu ya bajeti ina kisanduku kimoja. Tumemwandikia ya kati kwenye kisanduku, na chini yake sentensi inayosema uhamaji ukibaki kama wa 2012 hadi 2022 namba itakuwa kiasi gani. Sentensi hiyo itasafiri na namba kila inapokwenda.

Julai

Faili la mikoa limefungwa kwa toleo la kwanza. Utafiti ujao wa TDHS ukitoka, safu ya uzazi itabadilishwa na kila kitu kitajihesabu upya. Wiki ijayo tunaanza kushuka hadi wilaya kwa eneo la Dar na Pwani, tukitangulia Kibaha na Mkuranga, na tumewaomba maafisa ardhi wa wilaya hizo idadi ya viwanja vilivyopimwa mwaka hadi mwaka ili tuone kama vinatangulia watu au vinawafuata.